Machicha Kwenye Shimo la Gesi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua ng'ombe wangu. Nimekoroga samadi na maji, nimemwaga shimoni kama kila asubuhi. Moto wa jiko unazidi kufifia, maharage hayaivi. Fundi aliyenijengea shimo hili la gesi hapokei simu. Nimejitafutia kila kitu mwenyewe tangu nivuke mpaka kutoka Bukavu, na bado watu wananichezea.

Jumatano, 6 Agosti
Moto umezimika. Shimo linanuka kama siki. Jirani yangu Maman Neema ana shimo la fundi yuleyule, na ng'ombe mmoja kama mimi, na jiko lake linawaka. Hatusemeshani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Nina wivu. Sifichi.

Alhamisi, 7 Agosti
Binti yangu Ange, anayesoma biolojia, yuko likizo. Akauliza nalilisha shimo nini. Samadi, na siku hizi machicha yote ya kasiksi, pombe yangu ya ndizi. Chakula mara tatu, gesi mara tatu. Hesabu safi.

Akatikisa kichwa. Bakteria wanavunja chakula na kutoa asidi. Wengine wanakula mabaki yao na kutoa gesi.

"Hao wa gesi hawako bakteria, Maman. Banafanana kwa macho tu."

Zamani waliitwa arkebakteria. Baadaye wataalamu wakaona ukuta wa seli na mafuta ya utando wao ni vingine kabisa, wakawapa kundi kuu lao, arkea. Bakteria kundi lao. Sisi, ndizi na uyoga, kundi moja! Ndugu zao wengine wanaishi kwenye maji yanayochemka. Hawa wetu wamo hata tumboni mwa ng'ombe. Hewa inawaua, na wanazaana polepole. Machicha yalinenepesha bakteria, asidi ikawalemea hawa arkea wa gesi.

Basi si fundi. Ni mimi. Inauma.

Jumamosi, 9 Agosti
Dawa ya Ange: kuacha kulisha, majivu kidogo ya kupunguza asidi, na tope lenye arkea hai kutoka shimo linalofanya kazi. La karibu ni la Maman Neema. Nilitaka kurudia makaa. Nikaenda.

"Mwaka muzima haunisalimie, Maman Ange, leo unakuja kuniomba mavi?"

Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akabeba ndoo moja ya tope, mimi nyingine, tukamwaga shimoni kwangu.

Jumanne, 19 Agosti
Harufu ya siki imeisha. Moto bado. Maman Neema amepita, akaweka sikio kwenye bomba la gesi, akaniita kwa mkono. Nikasikiliza. Kiputo kimoja cha gesi. Kimya. Kingine.