Nukta ya Saba Isiyoshuka

Alhamisi, nyumbani Bredäng. Mvua nyembamba tangu asubuhi, isiyostahili mwavuli lakini inayolowesha miwani. Goti linauma kwa kiasi kinachovumilika. Lisilovumilika ni jambo jingine.

Nina wivu.

Kwa siku tisa nimeutafutia majina ya heshima: uangalifu wa kitaaluma, wajibu kwa vipimo, uchovu. Hakuna hata moja lililokaa.

Kwa miaka kumi na moja, kila kiangazi kilipokuwa kikiisha, nilipanda treni kwenda kaskazini ya mbali, kwenye nyanda za mboji ambazo chini yake udongo umeganda masika na kiangazi, na sasa unayeyuka. Kazi yangu huelezeka kwa urahisi. Kuna nukta zilizowekewa vijiti. Kuna nondo nyembamba ya chuma yenye alama za sentimita. Unaididimiza wima mpaka igome, unasoma kina. Pale inapogoma ndipo barafu inapoanzia. Mwaka unaofuata unarudi kwenye nukta zilezile, majuma yaleyale, na ikiwezekana kwa mkono uleule, kwa kuwa mikono ya watu haina nguvu sawa.

Mkono uleule ulikuwa wangu.

Mwaka huu, baada ya upasuaji wa goti, daktari amenikataza kukanyaga mboji. Amekwenda Divine, mzaliwa wa mji wa Södertälje, huku kusini, binti wa Warundi, niliyemfundisha mwenyewe kusimama juu ya ubao asiikandamize ardhi anayoipima. Mkataba wake unakaribia kwisha. Kesho asubuhi kikao kitaamua kama vipimo vya kaskazini vitakuwa vyake moja kwa moja, na nimetakiwa kutoa maoni yangu kwa maandishi.

Ametuma picha. Amesimama kwenye ubao wangu, amevaa koti la mvua nililomwazima. Linamkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi.

Vipimo vyake viliwasili juzi. Nilivisoma kama mtu atafutaye chawa kwenye kichwa kilichonyolewa, na kwenye nukta ya saba nikampata mmoja. Kina kilikuwa kimezidi mno kile cha miaka yangu, na kando yake ameandika: "Nimesogea kiganja kimoja."

Kusogea ni kosa. Kanuni niliiandika mimi: nukta haihamishwi. Leo adhuhuri nikampigia simu.

"Shikamoo, dada Rehema. Huko kuna mvua?"

"Marahaba. Nukta ya saba umeisogeza."

"Nimesogea, ndiyo. Pale kuko jiwe, dada. Nondo inalia."

"Nondo hailii, Divine. Nondo hugoma."

Akacheka. "Basi hii yako inagoma huku inaimba. Uje uisikilize mwenyewe, goti likipona."

Goti likipona. Nilimuaga kwa adabu, nikaandika barua kwa mkuu wa idara. Aya tatu, bila neno moja la ukali: kanuni imekiukwa, mfululizo wa vipimo umekatika, labda ni mapema mno kumkabidhi. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonifurahisha.

Kilichobaki ni ushahidi. Nikatoa madaftari yangu ili nioneshe jinsi nukta ya saba ilivyokuwa thabiti. Nimeitaja katika mihadhara mara nyingi: mahali pekee ambapo barafu bado inashikilia.

Miaka minne mfululizo, namba ileile. Ileile hadi nusu sentimita, wakati nukta zinazoizunguka zilishuka mwaka hadi mwaka.

Barafu haina nidhamu ya namna hiyo. Jiwe linayo.

Na katika daftari la mwaka wa kwanza kati ya hiyo minne, pembezoni, kwa penseli, kwa mwandiko wangu: "Mlio mkali?"

Nilisikia.

Nilisikia, nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikaiacha bila jibu, kwa kuwa namba ilikuwa nzuri na nilihitaji mahali pamoja pasiposhuka. Miaka iliyofuata sikusikia kitu. Nadhani nilikuwa nimekwisha kujua nitakachokipata kabla ya kuishika nondo. Divine alivunja kanuni, akaandika kwamba ameivunja. Mimi niliitii, nikanyamazia kilichokuwa kikinipigia kelele mkononi.

Ningependa kuandika kwamba hapo wivu ulikwisha. Haukwisha. Nilirudi kuitazama ile picha, na koti bado lilimkaa vizuri.

Lakini nimeifuta barua, nikaandika nyingine. Kwamba vipimo vyangu vya nukta ya saba kwa miaka hiyo minne visitumike, na sababu yake ni mimi. Nimeambatisha ukurasa wenye penseli. Kwamba kanuni iongezewe sharti la kuandika mlio. Kwamba vipimo vya kaskazini apewe Divine. Sikuongeza sifa, kiasi hicho sina leo. Nimeituma kabla ya saa kumi na moja jioni, kisha nikamwandikia yeye mstari mmoja: koti asilirudishe.

Amejibu, "Dada, hata mifuko yako imejaa maganda ya peremende."

Kesho, kikao kikiisha, nitaanza na daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza. Namba nazijua kwa moyo. Safari hii nitasoma pembezoni.