Swali Kwenye Mlango wa Friji

Mtaa wa Petit Chêne, Louisiana
Siku ya pili baada ya Watakatifu Wote

Kwa Kaka Florian mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba zikukute mzima huko melini, umeshiba na unapata usingizi wa kutosha. Sisi hatujambo. Baba hajambo, ingawa goti lake linamsumbua asubuhi na hataki kuulizwa. Mimi sijambo. Paka tuliyedhani kachukuliwa na kimbunga alirudi mwenyewe, mnene kuliko alivyoondoka, kwa hiyo kuna nyumba fulani ilimpokea vizuri sana. Habari za Bibi nitakueleza mbele, maana barua hii ni ya Bibi hasa. Usiruke kurasa. Nakujua.

Kwenye simu Baba alikuambia kwamba paa limeshika na maji yalifika magotini tu. Ni kweli. Ila kwenye simu Baba hutoa habari kama mtu anayelipia kila neno. Hakukuambia jinsi mtaa ulivyokuwa baada ya maji kuondoka. Kila nyumba ilitoa nje kila kilicholowa. Tulipanga mafungu kando ya barabara kama wilaya ilivyotangaza redioni: matawi na magogo huku, mbao na magodoro kule, friji na majiko peke yake. Vitabu havikutajwa. Nilisimama na kamusi ya Babu mkononi, imevimba kama mkate, nisijue niiweke na miti au na magodoro. Mwishowe nikairudisha ndani. Mpaka leo iko dirishani inakauka, na herufi ya M bado haifunguki.

Mafungu yalikua hadi yakanipita kimo. Barabara yetu ikabaki njia nyembamba ya gari dogo moja, tena lile lenye dereva jasiri. Lakini usidhani watu walikaa wakilia. Unajua tulivyo na friji. Hakuna anayefungua friji iliyokaa wiki nzima bila umeme na kamba wabichi wa baharini ndani. Unaizungushia utepe wa gundi, unaiburuta hadi barabarani, halafu unaiandika. Ya Mzee Philo iliandikwa, “Bure! Chukua na harufu yake.” Ya akina Guidry iliandikwa, “Humu amelala bata wa Krismasi. Mwombeeni.” Bi Ozelia, jirani yetu wa mbele, aliandika kwa rangi nyekundu, “Wilaya, karibuni chakula cha mchana.” Kila asubuhi nilitoka kusoma friji kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Yetu tu ndiyo ilibaki nyeupe, kwa kuwa Baba alisema msiba si ubao wa kuchezea.

Sasa, kwa nini taka zilikaa? Malori ya wilaya, yale yenye mkono wa chuma na makucha, yalipita kila siku kwenye barabara kuu yakizoa kila kitu, na yakifika kwenye kibao cha mtaa wetu yananyoosha moja kwa moja. Barabara yetu si ya wilaya. Ni yetu. Babu na wenzake walipoomba lami na mtaro zamani, waliambiwa barabara ni yenu, basi na matope ni yenu. Wakamwaga makombe ya chaza wenyewe, wakachimba mtaro wenyewe, na pale mwanzo wa mtaa Babu akalaza kalvati, lile bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara, kwa mikono yake. Unakumbuka alivyokuwa akilipigapiga kwa fimbo kila Jumapili tukitoka Misa, kama mtu anayemsalimia farasi.

Safari hii wilaya ilituma mtu kutangaza kwamba itaingia hata kwenye mitaa ya watu binafsi, bure, mradi chama cha wenye barabara kitie sahihi ruhusa ya kuingia kabla Oktoba haijaisha. Baada ya hapo malori yangeondoka kwenda wilaya nyingine. Na mwenyekiti wa chama chetu, tangu Babu afariki, ni Baba.

Baba alikataa. Alimwambia yule mtu kwamba wilaya ilitukatalia koleo moja la kokoto na sasa inataka shukrani kwa kubeba magogo. Akamwonyesha mstari kwenye karatasi ya ruhusa unaosema kwamba malori yakivunja kitu, wilaya haitatengeneza. Akauliza kama yeye angemkaribisha mgeni anayetangaza mlangoni kwamba akivunja sahani hatalipa. Yule mtu alicheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Baba alimsindikiza hadi kwenye kibao.

Tukajaribu kujitegemea. Mzee Philo alipata akili: taka zikiwa kwenye barabara kuu, zitakuwa za wilaya. Akafunga kochi lake nyuma ya mashine ya kukatia majani, akaliburuta hadi huko mchana kweupe akipunga mkono kama yuko kwenye maandamano ya sikukuu ya Mardi Gras. Kila mtu akaona ni akili nzuri. Kabla ya jioni kulikuwa na kilima, na kesho yake basi la shule halikupata pa kusimama, dereva akatupita huku tukimkimbilia. Wilaya ikatuma onyo, na akina Guidry wakarudisha magodoro yao huku wakimwambia Mzee Philo kwamba akipata akili nyingine alale nayo mwenyewe.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa Bibi.

Bibi alikuwa bado mjini Lafayette kwa Shangazi Clotilde, alikopelekwa kabla ya kimbunga. Mitungi yake ya oksijeni huletwa na gari kubwa, na daktari alisema wazi kwamba hatamruhusu kurudi kwenye nyumba ambayo gari hilo na ambulensi haviwezi kufika mlangoni. Shangazi ana ngazi nyingi na kazi mbili. Alimwambia Baba kwa upole, nami nikiwa nimekaa karibu na simu, kwamba amepata nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee kuanzia mwezi wa Novemba, nafasi nzuri, yenye bustani, na kwamba asipoichukua itakwenda kwa mwingine. Baba alisema atafikiria. Kisha Bibi akapewa simu. Unajua anavyopenda kuuliza nani kafa, nani kaolewa, nani kapika nini. Safari hii aliniuliza tu kama nimekula, nikasema ndiyo, akasema vizuri, asante, asiwasumbue wenyeji wake kwa simu ndefu. Wenyeji wake, Kaka! Amwite binti yake mwenyewe mwenyeji!

Asubuhi moja Baba alipotoka na kahawa yake, friji yetu ilikuwa na maneno. Maandishi makubwa ya kijani mlangoni: “BIBI EUGENIE ANARUDI LINI?”

Akina Guidry walikuwa wameshayaona. Mzee Philo naye alikuwa amesimama kofia mkononi kama yuko kanisani. Baba aliweka kikombe juu ya ukuta, akavuka barabara na buti zake za matope hadi kwa Bi Ozelia, kwa kuwa nani mwingine mtaani huandika friji kwa hasira? Akamwambia kwamba mambo ya mama yake si ya kutangazwa barabarani, na kwamba mtu akiwa na neno aje aliseme mdomoni.

Bi Ozelia alikuwa barazani akimenya bamia. Hakusimama. Alimwambia, “We Alcide, punguza sauti, nepi zako nilizifua mimi. Umesema nije niseme mdomoni? Haya, nasema. Anarudi lini?”

Baba akasema hilo halimhusu. Bi Ozelia akasema Eugenie amekaa naye benchi moja kanisani tangu wakiwa wasichana wa soksi nyeupe, kwa hiyo linamhusu kuliko linavyomhusu yeye anayejifanya mkuu wa mkoa wa makombe. Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana Baba aligeuza uso. Alikuwa akitazama kule mwanzo wa mtaa. Kisha akasema, taratibu sana kwa mtu aliyekuja akifoka, kwamba malori yale yana tani nyingi na kalvati la mzee wake halitayabeba. Litapasuka. Na alimwahidi mzee wake kitandani, kabla hajafa, kwamba barabara itabaki kama alivyoiacha.

Basi, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake muda wote. Wilaya ilikuwa kisingizio tu. Hata mimi ninayekaa naye sikulijua.

Bi Ozelia aliweka bakuli chini. Alimwambia analijua kalvati lile, mume wake alikuwa ndani ya mtaro siku lilipolazwa na kiatu chake kimoja kimo chini yake mpaka leo. Kisha akanyoosha kisu cha bamia kuelekea mwaloni mkubwa ulioanguka mbele ya nyumba yetu, ule aliopanda Babu siku ulipozaliwa wewe, Kaka. “Ule mti ni wake, na bomba ni lake,” akasema. “Ukate, ulaze magogo juu ya bomba, malori yapite juu ya mti. Vitu vya baba yako vibebane vyenyewe. Na wewe mlete mama yako.”

Mzee Philo akasema hata yeye alikuwa karibu kuwaza hivyo.

Baba alitia sahihi siku ileile, tena aliendesha mwenyewe hadi ofisi ya wilaya, kalamu yake mfukoni kwa sababu hakutaka kuazima ya kwao. Mtaa mzima ulikata mwaloni. Mlio wa misumeno ya mashine ulikuwa kama nyigu. Vijana wa akina Guidry walibiringisha magogo, Baba akayapanga kando kwa kando juu ya kalvati na kuyafunga kwa minyororo, nasi tukajaza nyufa kwa udongo na matawi. Lori la kwanza lilipokaribia, Baba alishuka mtaroni, akapiga magoti kwenye maji licha ya goti lake, akaweka kiganja kwenye bomba. Lori lilipita. Magogo yaliguna. Baba akainua mkono, dereva akapiga honi, na Bi Ozelia akapiga kelele kwamba kama kuna mtu kaona kiatu huko chini, arudishe.

Walizoa matawi kwanza. Baadaye lori jingine likachukua mbao na magodoro. Friji zilisubiri mwisho, kwa sababu zina gesi na huja lori lake.

Sasa Kaka, lililobaki ni langu, na nakuomba ulisome polepole kama ninavyoliandika.

Ni mimi niliyeandika kwenye friji. Nilichukua rangi ya kijani iliyobaki siku mlipopaka mtumbwi wewe na Baba. Nilikuwa nimejaribu kumwambia Baba kwa mdomo mara nyingi, wakati wa chakula, garini, hata nikiwa nyuma ya mlango, na kila mara niliishia kumuuliza habari za paka. Unajua nilivyo. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, naangalia viatu. Lakini friji haikuangalii usoni. Nilipomaliza herufi ya mwisho niligeuka, na Bi Ozelia alikuwa barazani na kahawa yake, ananitazama. Aliinua kikombe kidogo tu, kama mtu anayemsalimu jirani, akaingia ndani. Baba alipomshukia hakusema “si mimi.” Wala hakusema “ni mimi.” Aliuliza swali langu kwa sauti niliyokosa, na mimi nilikuwa dirishani nikisikia kila neno. Nimekwenda kumshukuru. Akaniambia nimenye bamia.

Nilidhani Baba hajui. Siku ile aliporudi kutoka ofisi ya wilaya alinikuta jikoni, akaweka mezani kitambaa chenye mafuta ya taa, akasema kwa rangi kama ile sabuni haisaidii. Nikatazama kucha zangu. Zilikuwa za kijani. Alitoka nje, nami nikasugua huku machozi yakinitoka, na nusu ya machozi yale ni mafuta ya taa.

Ijumaa lori la friji likaja. Nilitoka kuiaga yetu. Chini ya swali langu, kwa rangi ileile ya kijani, herufi nzito zilizopinda za mtu asiyependa kuandika, palikuwa na jibu: “JUMAMOSI.” Makucha yaliinua friji juu ya vichwa vyetu, swali na jibu pamoja, watu wakapiga makofi, na Baba akajifanya anakagua mnyororo.

Jumamosi Bibi alifika. Gari la mitungi lilisimama mlangoni hasa. Kabla hajaingia aliuliza nani kafa, nani kaolewa, na nani kapika supu ya gumbo anayoisikia harufu yake, mbona imeungua. Sikukuu ya Watakatifu Wote tulimpeleka makaburini kwa kiti cha magurudumu, tukapaka kaburi la Babu chokaa, na Baba akasimama hapo muda mrefu akimweleza Babu kuhusu kalvati. Halijapata ufa.

Bibi anakusalimu sana, anasema ule, na usiamini samaki wa huko. Baba anakusalimu, yaani alisema “mwambie.” Bi Ozelia anakusalimu na kuuliza kama jeshi limekufundisha kutandika kitanda. Mzee Philo anakusalimu na anatafuta kochi.

Tumepata friji mpya. Bado haina kitu ndani zaidi ya siagi na bamia za Bi Ozelia, lakini mlangoni nimeandika kwa chaki, mchana, Baba akiwa amesimama pale pale anatazama: “FLORIAN ANARUDI LINI?” Nimeacha nafasi chini yake. Bibi huiangalia kila anapopita.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Honorine