Kadi Iliyosema Haiko

Nguba, Bukavu, mwezi wa kumi 2002

Mpendwa Maman Eulalie wa redioni,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia, kwa sababu jambo hili nimelifanya mimi na hakuna anayelijua isipokuwa Tonton Chris, anayetufundisha kompyuta parokiani. Pale tuna mashine moja ambamo tunaandika majina ya watu waliopotea tangu vita vya pili vianze, na mimi nilipewa kazi ya kutengeneza kadi ya ukurasa, kadi moja inayojirudia kwa kila jina, ambayo ndani yake unaandika sharti: kama nafasi ya habari ina maandishi, kadi ionyeshe rangi ya kijani na neno IKO, la sivyo ionyeshe neno lingine. Niliandika HAIKO, nikimaanisha habari haiko, nikaizungushia mstari mweusi kwa sababu niliona unapendeza, sikufikiria matangazo ya vifo.

Alhamisi iliyopita alikuja Maman Domitille, mama yake Élodie ambaye tunakaa naye dawati moja, akauliza habari za mume wake, Papa Zagabe, aliyekwenda Kavumu kununua maharage mwezi wa nane 1998 na hakurudi. Niliandika jina, kadi ikatokea. Maman hajui kusoma.

— Mutoto, iko naandika nini pale?

— Haiko, maman.

— Haiko kabisa?

— Kabisa, maman.

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutusahihisha kila siku kwamba mtu hayuko na habari haiko, lakini mjini sisi sote tunasema haiko kwa mtu na kwa kitu, na mimi nilikuwa nikifikiria nafasi tupu kwenye mashine, yeye alikuwa akimfikiria mume wake. Alinishika mkono akasema aksanti, akatoka polepole, nami nikadhani amechoka tu. Kesho yake Élodie alikuja shuleni amenyolewa kichwa.

Sasa wako kwenye matanga. Baba yake mdogo, Papa Marcellin, amekuja kutoka Idjwi, anasema watoto wa ndugu yake hawawezi kubaki na mjane asiye na kazi, Jumapili atawapeleka Élodie na mdogo wake kisiwani, na kule hawataingia tena shuleni, watasaidia shambani. Élodie ananitania hata sasa: «Mie nitaenda kulima mihogo, weye utabaki na ordinateur yako. Ukinikumbuka, bonyeza.» Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya darasa kulia.

Kadi nimekwisha kuirekebisha, nimeongeza jibu la tatu, sasa inasema «Bado hatuna habari zake», lakini maman hakurudi kuiona. Tonton Chris alisema: «Achana nayo, Joviale. Myaka ine! Utamupa ule maman matumaini ya bure, halafu atalia mara mbili.» Labda anasema kweli. Ila ninaposali rozari najikuta nikiomba Papa Zagabe atokee mlangoni ili mimi nisihitaji kusema kitu, na naona sala hiyo si nzuri. Nifanye nini?

Joviale

Joviale mwanangu,

Hukuua mtu. Lishike hilo, kisha nisikilize, maana sitakubembeleza.

Mashine umeirekebisha haraka, na maman umemwacha karibu wiki nzima na kosa lako. Amenyoa watoto kwa neno lako. Tonton Chris anaogopa atalia mara mbili. Mwambie huyo bwana kwamba hata ile mara ya kwanza bado analia.

Na wewe uliwawekea watu wa mji huu nafasi mbili tu! Nusu ya Nguba inaishi katika ile ya tatu. Mimi mwenyewe nina kaka ambaye sijasikia habari zake tangu 1996, na nisingependa msichana wa shule anizungushie mstari mweusi kwa kuwa unapendeza.

Fanya hivi. Chapisha kadi mpya ya Papa Zagabe kwenye karatasi. Mchukue Tonton Chris, atake asitake. Nendeni kwa Maman Domitille wakati Papa Marcellin yupo, kwa sababu yeye ndiye anayefunga mizigo. Msomee maman maneno yote, kisha umweleze neno la kwanza lilikosewa wapi na nani. Usiseme mume wake ni mzima, hujui. Usiseme amekufa, hujui. Akikuuliza «Haiko?», usijibu kwa neno hilo tena. Sema: «Mimi sijui, maman, na mashine haijui.» Akikutukana, inamisha kichwa. Akikufukuza, kaa uani mpaka akuite. Papa Marcellin anaweza kuwachukua watoto hata hivyo, sikuahidi kitu. Lakini asiwachukue kwa kosa lako.

Barua yako nitaisoma redioni Jumamosi jioni. Majina nitayaficha, ila neno lile siwezi kulificha, na katika matanga redio haikosi. Ndiyo maana nakuletea jibu hili kwa mkono leo Jumatano, ili maman alisikie kwako kabla hajalisikia kwangu.

Vaa viatu, uende.

Maman Eulalie