Mwani Wako Haukutaka Baridi

Uskochi, Jumamosi baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Namuomba Mungu barua hii ikukute wewe na baba mu wazima, na lile goti lililokuwa likikusumbua ukichutama majini liwe limepoa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nasali, na sweta ulilolicheka kwenye picha bado nalivaa ndani ya koti.

Juzi kwenye simu nilipiga kelele, "Imekuwa, mama! Imekuwa!" nawe ukadhani nimechumbiwa, ukampa baba simu huku unalia. Nisamehe. Hakuna posa. Nimeona afadhali nikueleze kwa kalamu, pole pole, na barua nimpe mwenzangu anayekuja kupumzika Diani, amkabidhi kaka Hamisi pale Ukunda.

Hujasahau ule msimu wa joto kali, mwani wote wa Kibuyuni ulipogeuka mweupe, ukalegea, ukakatika kambani. Ulipanda kutoka majini na kamba tupu begani, ukaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Niambie mwani wangu una nini." Swali hilo ndilo nililokuja nalo huku.

Mwani, kama sisi, umejengwa kwa seli, vichembe hai visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna protini, na hizo ndizo zinazofanya kazi zote: kujenga, kubeba, kulinda. Kila protini ina umbo lake, na umbo likiharibika, kazi hulala. Mimi nimepewa mbili tu, zilizotolewa katika mwani wa kwetu. Hizi mbili hushikana, na zikishikana, seli hustahimili joto. Tulitaka kujua zinashikana vipi, na kwa nini joto likizidi zinaachiana.

Shida ni kuziona. Ni ndogo mno, hata hadubini haizifikii. Inabidi uzibembeleze zijipange pamoja mpaka zigande kuwa fuwele, vipande ving'aavyo kama punje za chumvi. Ukishapata fuwele, unazipiga eksrei, na hapo ndipo umbo hujulikana. Basi mama, mwaka mzima na zaidi sikupata hata punje moja. Kila nikitazama, protini zimeachana, kila moja kivyake. Kazi yote tulikuwa tukiifanya katika chumba cha baridi, maana protini nyingi huharibika upesi zikiwa nje. Vidole vyangu vilikufa ganzi humo. Siku moja nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Mwishowe Profesa Elspeth, mama anayenisimamia, aliniita. Si mtu mbaya, ila hapindishi maneno. "Mwisho wa mwezi tutaiacha kazi hii, Mwanaidi. Nitakupa nyingine."

Jioni hiyo nikakupigia. Sikukuambia habari hiyo, nilitaka kusikia sauti yako tu. Ulikuwa umetoka majini, bamvua imekolea, maji yamekupwa mbali kabisa, ukaniuliza, "Na mwani wangu huko mwauweka wapi?"

"Kwenye baridi, mama. Baridi kama ya friji."

Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mwani wa Kibuyuni, kwenye friji! Maji ya huku yakipwa hukaa vuguvugu kama ya kuogesha mtoto, nanyi mwautia barafuni. Umewakosea nini?"

Nami nikacheka, nikakata simu. Nilipofika mlangoni kwangu nikasimama, ufunguo mkononi. Mama, nilikuwa nimesahau mahali mwani ule unapoishi.

Asubuhi nikamwendea Profesa. Nikamwambia pengine baridi yenyewe ndiyo inayozitenganisha. Akatikisa kichwa. "Nje ya baridi zitaoza."

"Nipe wiki mbili. Zikioza, nitaufunga mzigo huu mwenyewe."

"Wiki mbili," akasema.

Nikaziweka kwenye kabati lenye joto la maji ya kwetu. Siku ya tatu, hamna kitu. Siku ya sita, hamna. Siku ya nane nikaegemea hadubini, nikaona fuwele tano, zimesimama wima, zinang'aa. Sijui kilichonipata, mama. Nilipiga vigelegele! Humo humo maabara! Watu wakatoka mbio wakidhani nimeungua. Profesa akainama akatazama, akatazama tena, kisha akanikumbatia, yeye ambaye hata mkono hatoi kwa urahisi.

Tulizipeleka kwenye mashine kubwa ya eksrei, safari ya treni kutwa nzima, na picha zikatoka safi. Sasa tunapaona mahali zinaposhikana. Ni padogo sana, na joto likizidi ndipo panapolegea kwanza. Sijapata dawa, usije ukawatangazia wenzako hivyo. Lakini ule mwani wako mwekundu wa kamba za mbali, uliobaki hai mwaka ule, nashuku pake hapalegei upesi. Tukihakikisha, mtajua mbegu ya kupanda.

Kwa hiyo narudi nyumbani, mama! Miezi mitatu, kukusanya mwani kutoka kamba hadi kamba. Tiketi ninayo. Bamvua ijayo nitakuwa nawe majini.

Nisalimie baba, mpe mkono wangu. Nisalimie mama mdogo Saumu, mshirika wako wa kamba, na shangazi Mwanahawa akija kutoka Vanga. Kaka Hamisi mwambie viatu vyake nimeshavinunua. Ustadhi aliyenifundisha kusoma, naomba dua yake.

Jambo la mwisho. Makala yetu ikichapishwa, mwishoni tutawataja waliotusaidia. Profesa aliniuliza, "Wazo la joto ulilipata wapi?" Nilipomwambia, akaandika yeye mwenyewe kwa kalamu yake: Mwanajuma binti Omari, mkulima wa mwani, Kibuyuni. Baba atazame kama herufi zimekaa sawa.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Mwanaidi