Maji Yetu Hayaendi Hotelini

Kwa Dobi, uani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumatatu, siku ya bomba kavu.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Wifi na watoto wazima? Sisi hatujambo. Magoti ya Mama tu ndiyo yanamsumbua, ila mdomo wake hauumwi kitu. Jana kamgombeza muuza mkaa mpaka akaongeza debe zima.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile karatasi ya kuuza mashine zetu za kufulia unayotaka niitie sahihi. Nilisoma kimyakimya, kisha nikasoma kwa sauti, Mama akasikia. Usiniulize alisema nini.

Sasa nikueleze hali, maana unaiamulia kutoka mbali. Maji yanatoka mara mbili kwa wiki, asubuhi tu, yanatujazia matangi mawili basi. Zamani tulifua bila kufikiri, leo kila ndoo ina mwenyewe. Wewe unasema maji yote yaende kwenye mashuka ya hoteli kwa kuwa wanalipa vizuri, wapiga pasi wote watatu niwaachishe kazi, na tukishindwa tuuze. Kaka, umesoma na ninajivunia. Lakini hilo silikubali.

Nimeamua hivi. Tangi la kwanza ni la hospitali ya wazazi. Mkunga mkuu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni viatu vimemlowa, akasema wakikosa mashuka safi itabidi wawarudishe wajawazito nyumbani. Ningemjibu nini? Kwamba wageni wa hoteli wanapenda taulo mbili mbili? Tangi la pili wagawane majirani na hoteli, kwa zamu.

Na maji ya kusuuzia nguo nyeupe hatumwagi tena. Yanafulia za rangi, kisha ovaroli za mafundi gereji, na yanayobaki, meusi tii, tunaoshea sakafu. Msimamizi wa mabeseni ni yule mpiga pasi wetu mkongwe, Bibi Moto, na ole wako umwage. Juzi nilimwaga beseni kwa mazoea, akanitolea macho mbele ya wateja: "Bosi, leo utaoga mate!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Meneja wa hoteli naye akaja na tai yake. Ama nimpe matangi yote mawili, ama anahama. Nikamwonyesha mlango, ni ule ule alioingilia. Amehama kweli, na hajarudi. Sikufichi, imetuuma. Wapiga pasi wanafanya kazi nusu siku kwa nusu mshahara, na nilijikata mshahara mimi kwanza kabla ya kumgusa yeyote. Nyama siku hizi tunaisikia harufu tu kwa jirani. Ila hakuna aliyefukuzwa, na hospitali imeanza kutuletea mapazia na makoti ya madaktari.

Hasira ninazo, acha niseme. Mama alianza na beseni moja, akakusomesha kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni. Hukuwahi kukosa ada hata mwaka mmoja. Leo mambo yamebana kidogo, wewe wa kwanza kutafuta mnunuzi! Haya, ukitaka kuuza, njoo. Panda gari, ufike siku ya maji, alfajiri. Kunja suruali, ushike ndoo, ujaze tangi pamoja nasi. Ukimaliza, mwite Bibi Moto umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba kazi basi. Mimi sikusemei.

Na kama utaona aibu, basi kumbe unajua kwamba si sawa.

Karatasi yako nakurudishia humu humu bahashani. Ilikuwa imekunjika njiani, kwa hiyo nimekupigia pasi. Zaidi ya hapo sikuigusa.

Msalimie sana wifi. Yule mtundu wenu wa mwisho mwambie shangazi yake anamkumbuka na mashavu yake. Mama anakusalimu, japo kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Bibi Moto naye anakusalimu, hajui uliandika nini, na sitamwambia. Mungu akupe afya, akulinde na baridi, na akulainishe moyo kidogo.

Mdogo wako akupendaye, ambaye sahihi yake utaiona hapa tu,

Povu