Pilipili za Nyangeta

Jumapili, jioni. Musoma.

Ziwa limechafuka tangu asubuhi, na upepo umeingiza vumbi mpaka ndani ya masufuria. Mwili wangu umechoka, na moyo ndio kabisa. Nimekwenda kanisani nikarudi, na ukiniuliza injili ya leo ilisema nini, nitakudanganya.

Shajara, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa pilipili. Nazianika, nazisaga, nazipika na nyanya na kitunguu saumu, nazitia kwenye chupa, na wakaanga samaki wa mwaloni Mwigobero wananichukulia zote. Wananiita Mama Kali, na sitaki kujua kama wanaisema chupa au wanausema mdomo wangu.

Tangu jana sijagusa pilipili hata moja.

Mama yangu, ninayeishi naye hapa Mukendo, hajawahi kuonja pilipili yangu. Wageni hudhani ana vidonda vya tumbo. Hana. Ni kwa sababu ya Nyangeta.

Nyangeta alikuwa mdogo wangu. Alikufa kwa surua kabla hajajua kutembea, mwaka uleule wa operesheni ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tunakaa upande wa Butiama, njia ya kwenda Buhemba, boma letu peke yake, na ng'ombe wa Baba na kipande cha pamba. Tulimzika nyuma ya nyumba karibu na zizi. Habari za kuhama zilikuwa zimeshatufikia, kwa hiyo Mama hakumlilia mtoto tu, alililia na kaburi. Nani angelilinda? Msalaba wa mti ungeliwa na mchwa. Mawe yangebebwa na watu wakafanyie mafiga.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyetoa shauri. Aling'oa mche wa pilipili kichaa pembeni ya jiko, akaupanda penye kichwa cha kaburi, mimi nikiushika usimame wakati yeye anafukia udongo. Mbuzi hali pilipili, alisema. Ng'ombe hali. Na binadamu hachumi pilipili ya mahame, maana kwetu kila mtu anajua kwamba kinachoota penye boma lililohamwa ni mali ya wale waliobaki chini.

Wote tuliliona shauri zuri. Hakuna aliyewafikiria ndege.

Tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mstari kama madawati, jirani anasikia ukipiga chafya. Mama hakukaa sana akaanza kurudi kule. Balozi wetu wa nyumba kumi hakupenda watu warudirudi mahame, lakini Mama alikuwa na kikapu na neno moja tu: naenda kuchuma pilipili. Utamzuiaje mwanamke anayetafuta kiungo cha mboga?

Alirudi nazo kweli. Alizianika kwenye ungo mpaka zikawa nyekundu iliyokolea, zimekunjamana, akazitia kwenye kibuyu, akakiziba na kukitundika juu ya kitanda chake. Hatukula hata moja. Siku moja Baba, ambaye bila pilipili chakula kwake kilikuwa dawa, alitoa chache akazipondea kwenye mchuzi wa samaki furu. Mama alinusa, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti hadi ugali ukapoa. Baba alimwaga mchuzi mwenyewe, na hakurudia.

Yalikuwa ni maisha ya mashaka wakati ule. Watu walikuwa wamewaacha wafu wao nyuma, na mtoto akikohoa, au mtama ukikauka, ilisemwa kwamba wale wa mahame wametufuata kutudai. Basi wanawake walichoma pilipili kavu pamoja na kivumbasi kwenye kigae, wakakizungusha kile kigae kwenye kona zote za nyumba. Moshi ule ukiuvuta unahisi kifua kinapasuka. Walio hai tulitoka mbio tukikohoa na kamasi zikitutoka, na iliaminika kwamba wasio hai nao wanatoka. Dawa kali kuliko zote, walisema, ni pilipili iliyochumwa mahame kwenyewe.

Ndiyo maana jirani yetu Mama Wankyo alikuja kwetu, mtoto wake mgongoni anaungua kwa homa.

"Dada, nisaidie zile pilipili zako. Kidogo tu."

"Sina," Mama akasema.

"Unazo. Tunakuonaga unaanika."

"Ninazo. Ila za kwangu hazifukuzi mtu."

Mama Wankyo akaondoka akilia. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini yule mama hakutusalimia tena, na mimi nilimchukia Mama yangu kwa siku nyingi. Leo namwelewa. Kijiji kizima watu walifukiza nyumba zao ili wafu waondoke. Mama peke yake aliogopa wa kwake asije akaondoka.

Nimekulia katika nyumba yenye mtoto asiyeonekana. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Kulikuwa na sehemu ya mkeka ambayo hatukuikalia, na hakuna aliyewahi kutukataza.

Baadaye Baba akapata kazi kwenye jineri ya kuchambua pamba Bunda, tukahama tena, na safari za kikapu zikaisha. Kibuyu kilipasuka katika kuhamahama. Mama aliokota pilipili moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Sijui ziliishia wapi.

Sasa amezeeka. Mwaka huu ameanza kusema jambo moja: akifa alazwe karibu na Nyangeta. Kule kwetu kuna kijana anaitwa Wambura, ndiye analima sasa. Nilimfuata nikamweleza, na Mungu ambariki, hakuleta maneno. Alisema Mama aje amwonyeshe tu ni wapi, pale hatapalima kamwe, na siku ikifika tutamleta.

Basi jana nilikodi gari nikampeleka.

Sijui tulitegemea kuona nini. Pengine mti mmoja, umesimama unatusubiri. Tulichokuta ni pilipili kila mahali. Penye nyumba, penye zizi, kwenye kingo za shamba, chini ya kila kichaka ambacho ndege anaweza kutua. Na ndege walikuwepo, shore, wanadonoa zile nyekundu na kuruka nazo kwa raha zao. Pilipili haimuwashi ndege. Mimi muuza pilipili nalijua hilo, Bibi alilijua, kila mtu aliyewahi kupanda pilipili analijua. Siku ile ya mazishi hakuna aliyelikumbuka.

"Hizi huwa tunang'oaga kila msimu, bibi," Wambura alimwambia Mama. "Zinaota tu. Ukitoa hapa, zinatokea kule."

Na mti wa kwanza ulishakufa zamani. Mpilipili hauishi miaka yote hiyo.

Mama alitembea na fimbo yake kutoka kichaka hadi kichaka. Kila alipofika aliita jina, kwa sauti ya chini, akasubiri, akaendelea. Wambura alivua kofia. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mwishowe alisimama, akanigeukia.

"Wewe ulishika mche. Ni upi?"

Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza! Nakumbuka mikono ya Bibi. Nakumbuka maji ya kumwagilia yalivyochelewa kuzama. Mahali sikumbuki. Nilimtazama Mama, na nikaona kwamba nikisema sijui atakufa palepale.

Nikanyoosha kidole.

"Ule pale, Mama. Karibu na kichuguu."

Hakuuliza mara mbili. Alikaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo, akaanza kumpa mtoto habari kwa lugha yetu. Kwamba Baba alishatangulia. Kwamba tulikaa Bunda. Kwamba dada yako huyu ana mdomo lakini ananitunza. Wambura alichonga vigingi akazungushia, kisha akasema sasa yeye mwenyewe ana amani, mvua zikianza atalima sehemu yote iliyobaki.

Sehemu yote iliyobaki.

Nilishukuru, nikampa mkono, na maneno yake yalinifikia tukiwa ndani ya gari. Jembe la Wambura litapita juu ya mdogo wangu, na mimi ndiye niliyempa ruhusa. Nikipita karibu na magunia yangu ya pilipili kavu nahisi kuna mtu mdogo ananitazama, si kwa hasira, ananitazama tu, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Mama, kinyume chake, leo ni mwepesi. Amekula ugali wote. Ameimba nyimbo za kanisa huku akichambua dagaa. Nilipokuwa natoa sahani alinishika mkono.

"Pale ulipochagua ni pazuri, mwanangu," alisema. "Asubuhi pana kivuli."

Ulipochagua.

Niliosha vyombo vilivyokuwa vichafu, nikaosha na vilivyokuwa safi.

Kesho nakwenda tena Butiama, peke yangu. Nitamwambia Wambura kwamba sijui ni wapi, sikujua hata jana. Nitamwomba asitie jembe popote palipokuwa uwanja wetu, na akitaka nimpigie magoti nitapiga. Mama nitamwambia nakwenda Bunda kununua nyanya.

Naye, najua, atanitakia safari njema na hataniuliza nyanya ziko wapi.