Roketi ya Kipanga Imepaa

Nyumbani, juu ya karakana
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima, ila shingo zinatuuma kwa kutazama juu. Wa kulaumiwa ni mwanao Kipanga.

Mwezi uliopita shemeji yako alikuta bomba la chuma kwenye meza yake ya kuchomelea. Bahati alichungulia kabla hajawasha moto. Limeshindiliwa vichwa vya njiti za kiberiti! Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kumbe binti yetu alikuwa anaunda roketi.

Baba mtu akapiga marufuku, na wiki nzima hawakusemezana. Mtoto anakula kainamisha kichwa. Nikaona ukimzibia njia atatafuta uchochoro. Nikamwendea mwalimu wake wa fizikia, mwenye kikundi cha roketi ndogo.

"Mama, sisi hatuchanganyi baruti," akaniambia, "wala chuma hatutumii, kikipasuka ni risasi. Mwili ni karatasi ngumu, injini tunanunua ya kiwandani, tunaiwasha kwa umeme tukiwa mbali."

Shemeji yako akasema haamini mpaka aone. Alipofika uwanjani, si akajipa usimamizi! Akafyeka nyasi kavu, akasimika fimbo ya kuongozea roketi, akasukuma watu nyuma. Mimi nilishona parachuti.

Jana ilikuwa zamu ya Kipanga. Akahesabu, akabonyeza. Kimya. Akataka kuikimbilia.

"Simama hapo hapo!" baba yake akanguruma.

Akasimama. Akachomoa ufunguo wa swichi mwenyewe, wakangoja kama walivyofundishwa, ndipo wakasogea. Waya ulikuwa umeachia.

Mara ya pili, fyuuu! Ikapaa hadi ikawa kama sindano, kisha parachuti likafunguka. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Kipanga akamgeukia baba yake, naye machozi yakimlengalenga akauliza, "Mwanangu, injini nyingine ipo?"

Sasa hivi wako chini karakanani, wanabishana kuhusu mapezi ya roketi. Sijasikia kelele tamu kama hizo.

Nisalimie shemeji yangu na wale mapacha watundu. Mola akulainishie kifua na akukutanishe nasi salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Mama Kipanga